Nani Alikuona?

Mimi nina mdomo, hilo sikatai. Sokoni Mwembesongo wananijua. Anayekuja kubonyeza nyanya zangu kama anayekamua jipu nampa neno lake papo hapo, na anaondoka nalo. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba siku ya kikao cha wazazi nilikaa kimya kwa upole. Upole si wangu. Nilikaa kimya kwa sababu nilikamatwa, na aliyenikamata ni mwanangu wa kumzaa mwenyewe.

Mwanangu anaitwa Sikitu. Kabla yake nilizaa wawili. Wa kwanza, Saidi, alikuwa mnene wa mashavu, na kila aliyeingia uani kwangu alimsifia. Mimi mwenyewe ndiye niliyeongoza: nikimwogesha namwimbia uzuri wake mpaka majirani wanasikia. Na mashaallah nilisema, tena kila mara, asije mtu kunifundisha leo. Degedege lilimchukua asubuhi moja, jua halijapanda mlima. Wa pili alikuwa wa kike. Mgeni mmoja kutoka Mlali alizishika nywele zake akasema, "Hizi nywele au hariri?" Huyo naye hakumaliza mwezi.

Alipozaliwa wa tatu, jirani yangu Bi Mwajuma hakuniuliza. Bi Mwajuma ni mwanamke wa huko juu milimani, ameteremka Bigwa na mbuzi wake miaka mingi, na amezika wa kwake pia. Alimfunga mtoto kwenye kipande cha gunia, akampeleka jalalani nyuma ya nyumba, akamlaza juu ya maganda ya mihogo, akaondoka. Kisha akarudi kama mpita njia, akapaza sauti, "Jamani, nimeokota takataka huku! Nani anaitaka?" Nikatoka na kanga yangu ya uzazi nikasema, "Nipe mimi, sina kitu kingine." Ndivyo tulivyofanyiwa wengi kwetu, mtoto asipokaa. Ukimwita takataka, jicho baya linapita halina habari naye. Tukampa jina Sikitu, na mtoto akakaa.

Akakaa, akaota meno, akatembea, akaenda shule. Sasa yuko darasa la sita, na tangu siku ile ya jalalani mdomo wangu huu haujawahi kumsifia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtu akiniambia, "Binti yako kakua," namjibu, "Kakua kwa kula." Akisema, "Ana adabu," nasema, "Subiri wageni waondoke." Walimu waliponiambia anashika haraka, niliwaambia hata ugali hajui kuusonga, unatoka na madonge kama mawe ya mtoni. Watu walicheka, wakaona ni utani wangu. Sikitu naye alikuwa akicheka alipokuwa mdogo.

Mambo yalianza alipokuja Mwalimu Castory. Ni Mhaya, na hapo tayari mtaa ulikuwa na la kusema, maana Wahaya na kujisikia, Tanzania nzima inawatania. Basi Mhaya huyu akawaambia watoto waandike insha juu ya siku waliyojivunia jambo walilolifanya wenyewe. Mtaa ukaangua kicheko. "Mmemkabidhi Mhaya watoto," nikasema bombani, "mlidhani atawafundisha nini, kulima?" Lakini mwalimu hakuwa na mzaha. Alikuta watoto hawawezi kuandika neno "mimi" na tendo zuri katika sentensi moja. Wanaandika "tulifua," "tulilima," "tulishinda," hata yule aliyefua peke yake. Akawapa maswali matatu ya kuwasaidia: Ulifanya nini? Nani alikuona? Alisema nini? Akawaambia waende nyumbani, mtu mzima awasaidie kukumbuka.

Sikitu akaja na maswali yake jioni, mimi nachambua mchicha.

"Mama, mwalimu kasema unisaidie kukumbuka siku niliyojivunia."

"Siku gani hiyo?" nikasema. "Andika siku uliyoosha sufuria bila kutumwa. Tena hiyo bado hatujaiona."

Alisimama kidogo na daftari lake. Kisha akasema, "Sawa, mama," akaondoka. Na mimi nikaendelea na mchicha, nimeinamisha uso, kwa sababu siku yenyewe niliijua. Niliijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Ilikuwa wakati wa masika. Msiba ulitokea Mlali, watu wazima karibu wote wa upande wetu tukapanda gari kwenda kuzika. Nyumbani walibaki watoto, na Bi Mwajuma aliwaachia Sikitu na Veronika kazi ya kuangalia mbuzi wake mwenye mimba. Veronika ni mtoto wa jirani yangu wa upande wa pili, Magreth, tunayemwita Mama Vero, mwenyeji wa Rombo anayefanya kazi kiwandani. Mimi nilirudi mapema kuliko wengine kuchukua sufuria kubwa ya msibani. Nilipofika kwenye ua wa mabanzi wa Bi Mwajuma nikasikia mbuzi analia, si kilio cha kawaida. Nikachungulia kwenye upenyo.

Mbuzi alikuwa amelala ubavu. Kitoto kilikuwa kimetoa mguu mmoja tu na pua, na mguu wa pili ulibaki ndani. Kwa wasiofuga niseme tu kwamba hapo mama na mtoto wote huwa njiani kwenda. Veronika alikuwa ameshika pembe, amefumba macho, analia kuliko mbuzi. Na mwanangu alikuwa amepiga magoti kwenye matope na sketi yake ya shule. Alinawa kwa sabuni ya kufulia mpaka viwikoni, akajipaka mafuta ya kula, akakirudisha kile kitoto ndani taratibu, akaingiza mkono. Alikuwa ametazama juu, kwenye paa la banda, kama mtu anayetafuta funguo ndani ya mfuko. Midomo ilikuwa inacheza. Anazungumza na mbuzi, nadhani. Sikusikia alichosema.

Nilitakiwa kuingia. Mtu mwingine yeyote angeingia. Lakini kifua kilikuwa kimenijaa, kimefura kwa mtoto yule, nikaogopa. Nikakumbuka nilivyomtazama Saidi kwenye beseni. Jicho la mama nalo ni jicho. Nikashika banzi la ua, nikageuza uso nikatazama mlima, mawingu yameukalia mpaka mabegani, nikawa nasikiliza tu. Nikasikia mbuzi akipiga ukelele mmoja. Nikasikia Veronika akisema, "Kimetoka! Siki, kimetoka!" Baadaye kikatoka na cha pili.

Ndipo nikaingia. Mwanangu akainua uso, damu mpaka mabegani, na akanitazama jinsi mtoto anavyomtazama mama yake akiwa na kitu cha kumpa. Nikasema, "Sketi ya shule hiyo? Umeigaragaza kwenye damu ya mbuzi, nani atakufulia?"

Hata Bi Mwajuma aliporudi na kutaka kumpa kitoto kimoja kiwe mali yake, nilimkatalia. Nikamwambia ampe mtu mwenye akili. Bi Mwajuma alinitazama sana siku hiyo.

Siku ya kikao cha wazazi mvua ilinyesha, tukabanwa wote kwenye darasa la saba, mabati yanapiga kelele mpaka mwalimu mkuu akaacha kuhutubia, akakaa. Mvua ilipopungua, Mwalimu Castory akasimama. Akasema watoto wachache watasoma insha zao, na sisi wazazi tusikilize kwa heshima, maana kuandika jambo zuri ulilolifanya ni kazi ngumu kuliko hesabu. Wazee wa nyuma wakakohoa. Mtoto mmoja akasoma alivyomfundisha babu yake kutumia simu. Mwingine akasoma alivyovuka korongo amembeba mdogo wake mgongoni. Mama zao wakapiga vigelegele, nami nikapiga, maana mtoto wa mwenzio unaruhusiwa kumsifia.

Kisha mwalimu akaita, "Sikitu."

Nilijiweka sawa kwenye benchi. Nawaambia kweli: nilitaka asome. Nilikuwa nimekaa wiki nzima na hofu, na chini ya hofu nilikuwa na hamu. Nilijiambia kwamba atakayemsifia si mimi, ni karatasi, na jicho haliwezi kuifuata karatasi. Mtu akiogopa sana huwa mwanasheria.

Sikitu akasimama mbele, akasoma kwa sauti ndogo lakini safi.

"Siku ninayojivunia ni siku rafiki yangu Veronika alipomzalisha mbuzi wa Bibi Mwajuma. Watu wazima walikuwa wamekwenda msibani. Mguu wa kitoto ulikuwa umejikunja ndani. Veronika alinawa mikono kwa sabuni, akajipaka mafuta, akaingiza mkono akaunyoosha mguu. Mimi nilishika pembe na nilifumba macho. Vilitoka vitoto viwili vyote vizima. Najivunia kuwa rafiki wa Veronika."

Mwalimu akasema taratibu, "Na swali la pili, Sikitu? Nani aliona?"

"Hakuna mtu aliyeona," akasema mwanangu.

Darasa likalipuka. Mama Vero aliruka kutoka kwenye benchi, vigelegele vinamtangulia, akaenda kumkumbatia Veronika pale alipokaa na wenzake, akamtunza noti kwenye paji la uso. Mcheza kwao hutunzwa. "Malkia wangu! Daktari wangu! Na hukuniambia!" Baba mmoja akasema mtoto kama huyo apelekwe chuo kikuu cha kilimo moja kwa moja, Sokoine, hapa chini tu, aruke sekondari. Veronika alikuwa ameinamisha kichwa, noti imeganda kwenye paji la uso. Na Sikitu amesimama mbele, anapiga makofi pamoja na watu.

Hayo makofi yake ndiyo yaliyoniinua. Sikupanga. Nikajikuta nimesimama.

"Si kweli!" nikasema. "Mwalimu, hiyo insha si kweli. Aliyemzalisha yule mbuzi ni huyu wangu. Vero ndiye aliyeshika pembe. Mimi nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu."

Mvua ilikuwa imekatika kabisa, ingekuwa heri iendelee. Kisha mtu akacheka nyuma, na wa pili, na Mama Vero akageuka mikono kiunoni.

"Mama Sikitu! Leo ndio umejua kuwa una mtoto?"

"Nasema niliona."

"Uliona, ukakaa nalo moyoni miezi yote hii? Wewe? Na mdomo huo?" Watu wakacheka. "Si wewe uliyetuambia bombani mtoto hana akili, hata ugali hajui? Sasa wa mwenzio kasifiwa, ghafla wako amekuwa daktari."

"Wivu huo," akasema mwanamke wa nyuma yangu, wala hakuteremsha sauti.

Nilitafuta neno, mimi Zuhura ninayewapa watu maneno bure sokoni, nikalikosa. Kila nililotaka kusema lilikuwa na jibu lake, na majibu yote niliyatoa mwenyewe miaka yote kwa kinywa changu. Mwalimu Castory akainua mkono watu watulie, akamwinamia mtoto.

"Sikitu, mama anasema ni wewe. Sema tu ilivyokuwa, hakuna atakayekukasirikia."

Mwanangu akanitazama. Nikamtikisia kichwa: sema. Nikamtolea macho: sema, mwanangu. Aliniangalia kwa muda kama anayenipima, kisha akamgeukia mwalimu.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Ni Veronika."

Nikakaa. Nilikaa mithili ya mtu aliyekatwa miguu, na benchi likalia, na watu wakacheka hilo benchi. Insha nyingine zilisomwa, sikusikia hata moja. Nilitazama vidole vyangu vina weusi wa nyanya usiotoka, nikatamani sakafu ya darasa la saba inimeze mimi na benchi lake. Aibu ya kusingiziwa, mtu huibeba, ina mwisho. Hii yangu sikuwa nimesingiziwa.

Tulipotoka, Mwalimu Castory alinisubiri mlangoni. Nilidhani atanisema. Akanisalimia, "Shikamoo, mama," kama kawaida yake, nikaitikia nikiwa nimetazama viatu vyake. Akasema, "Jumatatu tunabandika insha ukutani. Ya Sikitu naona bado haijaisha. Msaidie." Akaingia ndani.

Tukashika njia ya nyumbani. Sikitu mbele, mimi nyuma, njia imejaa utelezi. Tulipovuka kijito hasira ikaja, maana hasira kwangu ni rahisi kuliko aibu, naijua vyumba vyake vyote.

"Umenivua nguo mbele za watu," nikasema. "Nimesimama kukutetea, wewe unanifanya mwongo. Mtaa mzima utanicheka mpaka Idi. Mtoto gani wewe?"

Akaendelea kutembea.

"Sikitu! Nasema na nani?"

Akasimama. Akageuka. Hakuwa analia, na hilo liliniuma zaidi.

"Mama, si wewe hutaki nisifiwe?"

"Nani kakwambia?"

"Bibi Mwajuma. Nilimuuliza kwa nini ulikikataa kitoto cha mbuzi. Akaniambia habari za kaka Saidi na dada. Kwamba walisifiwa wakafa. Kwamba mimi niliokotwa jalalani ili nisife." Akaingiza kidole gumba cha mguu kwenye matope. "Mwalimu alitaka insha. Nikaona nikiiandika mimi, watu watapiga makofi. Ndio nikampa Vero."

Nilijua Bi Mwajuma hakumwambia kwa ubaya. Lakini nilitaka kumkasirikia mtu, nikamkasirikia huyu aliye mbele yangu. "Ukampa Vero! Kwa hiyo Vero ndiye akadhurike? Mtoto wa watu?"

Sikitu akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemuuliza jambo ambalo mtoto wa chekechea analijua.

"Vero anasifiwa kila siku, mama," akasema. "Asubuhi akienda shule mama yake anamwita malkia, mpaka kule barabarani tunasikia. Kila siku." Akachomoa kidole kwenye matope. "Mbona hafi?"

Njia ile nimepita tangu nilipoolewa. Siku hiyo sikujua niweke wapi mguu. Ningeweza kumwambia kila mtoto na majaliwa yake. Ningeweza kumwambia degedege ni malaria, kama nesi alivyonieleza, nami nikaitikia ndiyo na kurudi nyumbani na imani yangu ileile. Sikusema. Mtoto alikuwa ameuliza swali ambalo mimi mtu mzima niliogopa kujiuliza, na alikuwa ameishi nalo peke yake, ndani ya nyumba yangu, akisonga ugali wenye madonge. Akageuka akaendelea kutembea. Nikamfuata.

Nyumbani nilivua kanga ya kutokea, nikatandika mkeka barazani. Ilikuwa bado mchana, watu wanapita njiani wakirudi kutoka shuleni, na wengine walitazama upande wangu wakasemezana. Baba yake yuko kwenye mashamba ya miwa Kilombero, na nilishukuru hayupo. Nikamwita Sikitu aje na daftari.

"Mwalimu kasema insha haijaisha," nikasema. "Kaa tuimalize."

Akakaa, mgongo wima, kama amekuja kudungwa sindano.

"Swali la kwanza. Ulifanya nini?"

"Nilishika..."

"Sikitu."

Akakitazama kibao cha kukunia nazi pale uani, kisha njiani, watu wapo. "Wanasikia, mama," akanong'ona.

"Andika tu. Huna haja ya kupaza sauti."

Akaanza kuandika, na kadiri alivyoandika alinieleza, mwanzo nusu nusu, kisha akasahau kuogopa. Akaniambia mle ndani kuna joto kuliko maji ya kuoga. Akaniambia alishika kitu akadhani ni kichwa, kumbe ni goti, alilijua kwa sababu lilikunjika kama la mtu. Alifunika kwato kwa kiganja chake ili isimchane mbuzi tumboni. Hilo hakuna aliyemfundisha. Alikuwa akimwambia mbuzi, "Nisubiri, nisubiri, bado kidogo." Ndiyo maneno ambayo sikuyasikia kule nyuma ya ua. Kifua changu kikaanza kujaa tena, kama siku ile, na hofu nayo ikaja na kigoda chake ikakaa kando yangu. Safari hii sikutazama mlima.

"Na Vero?"

"Vero alishika pembe. Alilia lakini hakuachia." Akaandika hivyo.

"Swali la pili. Nani alikuona?"

Kalamu ikasimama. Hakuinua kichwa.

"Wewe," akasema.

"Ulijua?"

"Niliiona kanga yako chini ya ua. Ile ya zambarau. Nikajua umekuja, nikaacha kuogopa." Akachora mstari mdogo pembeni mwa karatasi. "Nikangoja uingie. Hukuingia."

Mungu anisamehe. Nilikuwa nimejificha kutoka kwa mtoto ambaye alikuwa ananiona wakati wote. Nikavuta kanga nikajifunika kichwa kana kwamba ni jua.

"Andika," nikasema. "Andika: Mama aliniona."

Akaandika.

"Swali la tatu," akasema yeye mwenyewe. "Alisema nini?"

"Andika alivyosema. Alisema sketi imechafuka."

Akanitazama kuona kama natania. Akaandika.

"Halafu andika kwamba alikuwa amesimama nyuma ya ua tangu mwanzo, na kwamba anaona haya."

"Haya ya nini, mama?"

"Ya kuona mwanawe amefanya kazi ambayo watu wazima wanaikimbia, akazungumzia sketi." Nikalisogeza daftari karibu naye. "Andika kwamba ulifanya vizuri. Usiandike 'mama anasema.' Andika: Nilifanya vizuri. Mimi."

Alisita. "Mwalimu ataibandika ukutani. Mama Vero atasoma. Watu wote watasoma."

"Na wasome."

"Watakucheka tena."

"Wamezoea."

Akainama, akaandika polepole, akitoa ncha ya ulimi kama alivyokuwa akifanya darasa la kwanza. Alipomaliza aliweka nukta, akafunika kalamu. Nikamwambia, na safari hii nilisema kwa sauti yangu ya sokoni, kwa hiyo anayepita njiani na asikie: "Umefanya vizuri, mwanangu. Ulifanya vizuri sana siku ile."

Sikitu hakucheka wala hakunikumbatia. Aliweka kiganja kifuani kwake, upande wa moyo, akatulia hivyo akijisikiliza, macho ameyakaza kwenye mkeka. Nami nikabana pumzi, mtu mzima na akili zangu, nikamtazama kichwani, mabegani, miguuni, nikingoja pamoja naye. Njiani watu walikuwa wanapita. Mbuzi wa Bi Mwajuma alilia mara moja, akanyamaza.

Kisha mwanangu akaondoa mkono kifuani.

"Bado nipo," akasema.